Tuyatunze Mawe Tuliyoyatandika: Kusafisha na Kuziba Viwanja vya Mawe vya Vyama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Same)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika ajenda za mikutano yetu. Tumezoea kuzungumza juu ya bei ya kahawa, mikopo ya pembejeo, na hesabu zilizokaguliwa. Leo nitazungumza juu ya mawe: yale mawe tunayoyakanyaga mbele ya maghala yetu, kuzunguka mitambo ya kumenyea kahawa, mahali pa kuoshea tangawizi, na kwenye njia ya kuingilia ofisini. Huenda mjumbe akajiuliza mkaguzi ana haja gani na mawe. Jibu langu ni fupi. Kiwanja cha mawe ni mali ya chama kama ilivyo mizani, ghala na kasha la fedha. Kilijengwa kwa nguvu za wanachama, nacho huharibika kama inavyoharibika mali nyingine yoyote isiyoangaliwa.

Mawe yetu na hali ya hewa yetu

Wapare si wageni wa kazi ya mawe. Tunayo makinga ya mawe yanayoshikilia udongo katika miteremko. Tunazo ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani, na kingo zake wazee walizijenga kwa mawe na udongo. Kazi zote hizo zilifanywa kwa msaragambo, na viwanja vya baadhi ya vyama vyetu vilitandikwa kwa njia hiyo hiyo.

Jiwe linalopatikana kwa wingi katika milima yetu ni jiwe gumu lenye mistari ya rangi nyeusi na nyeupe, ambalo wataalamu wa miamba huliita naisi. Ni jiwe la zamani sana, lililopikwa kwa joto na kugandamizwa chini ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa sababu ya ugumu wake, halinywi maji mengi. Maji yakilidondokea hukaa juu yake, au hutafuta mwanya kati ya jiwe na jiwe na kuingia chini. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa ndilo msingi wa mengi nitakayoyasema.

Pili, hali ya hewa yetu ni ya namna mbili. Huku bondeni, kutoka Same kwenda Makanya na Hedaru, nchi ni kame. Adui wa sakafu ni vumbi, jua kali na chumvi inayopanda na unyevu wa ardhi. Kule juu, Chome, Mbaga, Vudee na Mamba, penye mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, na penye ukungu unaoshuka kutoka Shengena, adui ni mwani na kuvu. Sakafu iliyo kavu mwezi wa Agosti huwa kijani na yenye utelezi mwezi wa Novemba. Kwa hiyo dawa ifaayo Makanya si lazima ifae Chome.

Kisa cha chama kimoja

Ndugu Mwenyekiti, nitataja kisa kimoja, bila kutaja jina la chama, kwa maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Katika chama hicho cha mlimani, mvua za vuli zilianza kahawa ikiwa ingali inaingia. Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, alifika na kikapu chake kichwani. Alipokanyaga mawe yaliyo kati ya mizani na mashine ya kumenyea, aliteleza akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Kahawa yake iliyobaki msimu ule ilichumwa na majirani.

Mkutano ulipoitishwa, halmashauri ilileta pendekezo la kumwaga zege juu ya kiwanja kizima. Wajumbe wengine walipendekeza inunuliwe rangi ya kung'arisha mawe, ambayo mfanyabiashara mmoja alikuwa ameileta na kuisifu kwamba huziba jiwe lisipitishe maji kabisa. Mama yule alisimama, mkono ukiwa umefungwa, akasema: "Mawe haya niliyabeba mimi mwenyewe kutoka mtoni. Hayakuwa yakiteleza tulipoyatandika. Tuulizeni kwanza ni kitu gani kimeyageuza."

Hilo lilikuwa swali la haki kabisa, na halikuwa limeulizwa na mtu yeyote katika halmashauri. Tulipokwenda kuangalia, tuliona mambo matatu. La kwanza, mfereji wa bati la ghala ulikuwa umekatika, na maji yote ya paa yalianguka pale pale mahali pa kupita. La pili, maji ya kumenyea kahawa, yale yenye ute na utamu, yalitapakaa juu ya mawe badala ya kwenda kwenye shimo lake. Na ute huo ni chakula cha kuvu. La tatu, mchanga wa kwenye mianya ya mawe ulikuwa umekwisha, mawe yamezama upande mmoja, na maji yalituama kwa siku nyingi. Mawe yenyewe hayakuwa na kasoro. Zege lingemwagwa juu yake, maji yale yale yangeendelea kuanguka pale pale, na kuvu ile ile ingeota juu ya zege. Aidha, zege jembamba likimwagwa juu ya mawe laini yenye uchafu halishikamani nayo. Baada ya msimu mmoja au miwili hupasuka na kubanduka.

Chama kiliamua kutengeneza mfereji wa bati, kuchimba njia ya maji ya kumenyea, kuyainua na kuyapanga upya mawe yaliyozama, kisha kusugua kiwanja chote. Kazi ilifanywa kwa msaragambo, na fedha zilizotumika zilikuwa za bati, misumari na saruji kidogo. Masika yaliyofuata kiwanja kilipitika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nami naongeza kwamba kabla ya kuziba, sharti uujue ufa uko wapi.

Kulijua jiwe kabla ya kuligusa

Katibu asiagize dawa ya aina yoyote kabla hajajua jiwe alilonalo. Yapo majaribio matatu yasiyogharimu chochote.

Jaribio la kwanza ni la ndimu. Chagua jiwe la pembeni, lisafishe, kisha dondoshea maji ya ndimu au siki. Likitoa mapovu, lina chokaa ndani yake, kama vile marumaru au jiwe la chokaa. Jiwe la namna hiyo huliwa na asidi, hata ile ya matunda. Lisipotoa mapovu, yumkini ni naisi au jiwe jingine gumu la jamii hiyo.

Jaribio la pili ni la ukucha. Jiwe linalokwaruzika kwa ukucha ni jiwe laini mno, kama vile jasi inayochimbwa Makanya. Jasi ina kazi zake, nazo ni za maana, hasa katika viwanda vya saruji. Lakini haifai kutandikwa nje, kwani huyeyuka polepole katika maji.

Jaribio la tatu ni la tone la maji, na hili lifanyike siku ya ukavu. Weka matone machache juu ya jiwe safi, ungoje kama robo saa. Likifutwa na jiwe likabaki na rangi ile ile, jiwe hilo halinywi maji. Likibaki na doa la giza, linakunywa. Jiwe lisilokunywa maji halina haja ya dawa ya kuziba, na fedha itakayotumika kuliziba itapotea bure, maana dawa haina mahali pa kuingia.

Kazi ya kusafisha

Usafishaji una utaratibu wake, nao ni huu.

Kwanza, fagia kiwanja kikiwa kikavu. Udongo uliolowa huwa tope, na tope huingia katika mianya. Majani makavu, maganda ya kahawa na mabaki ya tangawizi yapelekwe kwenye shimo la mboji.

Pili, kwangua kuvu na mwani kwa kipande cha ubao au kikwanguo kisicho na makali. Msitumie brashi ya waya za chuma. Waya hukwaruza jiwe, na vipande vyake vidogo hubaki katika vitundu na kugeuka kutu. Brashi ngumu ya nyuzi za katani au ya makumbi ya nazi yatosha, na katani sisi hatuagizi kutoka mbali.

Tatu, sugua kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo na asidi. Anzeni upande wa juu wa mteremko mkiteremka nao, ili maji machafu yasipite mahali palipokwisha kusafishwa. Suuzeni vizuri, sabuni iliyoachwa juu ya jiwe hunata vumbi, na yenyewe huleta utelezi.

Nne, kama mwani umekuwa sugu, yaweza kutumiwa dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe ambayo watu wengi huiita jiki. Kipimo kimoja cha dawa kichanganywe na vipimo kumi vya maji, kinyunyizwe, kiachwe kama dakika kumi, kisha pasuguliwe na kusuuzwa. Hapa, Ndugu Makatibu, naomba tusikilizane kwa makini. Dawa hii isichanganywe kamwe na asidi wala na dawa nyingine ya kusafishia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu inayoweza kumwua mtu. Anayeitumia avae glavu na viatu vya mpira, na watoto wakae mbali. Maji yake yasielekezwe kwenye mfereji wa umwagiliaji wala kijito, kwa maana walioko chini yetu wananywa, wananywesha mifugo na kumwagilia mboga. Kadhalika isitumiwe mahali kahawa au tangawizi inapogusa mawe, na wala isitumiwe wakati wa msimu.

Tano, mafuta ya mashine yana tiba yake. Yakimwagika leo, yamwagiwe majivu makavu au vumbi la mbao mara moja, yakae, kisha yafagiliwe. Doa la zamani lipakwe uji mzito wa udongo mkavu uliotwangwa na kuchanganywa na maji ya sabuni, lifunikwe kwa nailoni kwa siku moja, kisha nailoni iondolewe na uji uachwe ukauke. Unapokauka hunyonya mafuta kutoka ndani ya jiwe. Yafaa kurudia mara mbili au tatu.

Sita, juu ya asidi. Wako mafundi wanaomwaga asidi ya kusafishia vigae, na hata maji ya betri, wakisema kwamba jiwe hung'aa mara moja. Katika jiwe la chokaa, ule mng'ao ni ngozi ya jiwe inayoliwa. Katika naisi, ambayo mara nyingi ina chembe za madini ya chuma ndani yake, asidi huziamsha chembe hizo, na baada ya muda mawe huota madoa ya kutu ambayo hayakuwapo. Vile vile asidi hula saruji na chokaa iliyo katika mianya. Mkaguzi anapoona ankara ya asidi katika vocha za chama, ana haki ya kuuliza ilitumika wapi.

Mianya na mteremko

Baada ya kusafisha, angalieni mianya. Kama ilijazwa mchanga, ongezeni mchanga mkavu uliochekechwa na kuufagilia ndani mpaka ushibe. Kama ilijazwa saruji na imepasuka, toeni ile iliyolegea kwa tindo, mlowanishe mwanya, kisha mjaze upya kwa saruji kipimo kimoja na mchanga vipimo vinne. Kwa mawe laini ya chokaa, chokaa na mchanga ni bora kuliko saruji, maana kiungo kisiwe kigumu kuliko jiwe lenyewe.

Mteremko upimwe. Katika kila mita moja, kiwanja kishuke sentimita moja hadi mbili kuelekea kwenye mfereji, wala kisielekee kwenye ukuta wa ghala. Kipimo hiki hakihitaji chombo cha mhandisi. Ubao ulionyooka, pima-maji ya fundi mwashi na rula vyatosha. Na pale ambapo jiwe limesuguliwa na nyayo za miaka mingi hata likawa laini kama kioo, dawa ya utelezi ni tindo: fundi alichonge juu makwaruzo madogo ili mguu upate mahali pa kushika.

Dawa za kuziba

Sasa nifikie dawa za kuziba, ambazo ndizo zinazotoa fedha nyingi mikononi mwa vyama. Dawa hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hukaa juu ya jiwe kama ngozi, mfano wa vanishi. Hung'aa na kupendeza siku ya kwanza. Lakini nje, penye mvua na jua, ngozi hiyo huteleza inapolowa, huchubuka, na unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa chini yake. Unyevu ulionaswa huacha chumvi, na chumvi inapokauka huvimba na kubandua uso wa jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, wanalijua jambo hili vizuri. Kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Zilipopakwa saruji ngumu, unyevu ulinaswa ndani na kuta zikaanza kuoza. Jiwe linapaswa kuachwa lipumue.

Namna ya pili hupenya ndani ya vitundu vya jiwe na kuvifanya vikatae maji, huku hewa ikiendelea kupita. Dawa hizi hutengenezwa kwa kemikali ziitwazo sileni na silokseni. Hazibadilishi sana rangi ya jiwe. Kama jiwe lenu linakunywa maji, kama lile jaribio la tone lilivyoonyesha, na kama maji yamekwisha kuelekezwa vizuri, hii ndiyo namna ya kufikiriwa. Lakini wanachama waambiwe ukweli: dawa ya kuziba hupunguza unyevu na madoa, haiondoi utelezi, haizuii kabisa mwani, wala haidumu milele. Hutakiwa kurudiwa kila baada ya miaka kadhaa kama maelezo ya mtengenezaji yanavyosema.

Ikitumiwa, masharti yake ni haya. Jiwe liwe safi, na liwe limekauka kwa siku mbili au zaidi bila mvua. Kwa hiyo wakati wake huku kwetu ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Juni ni bora, kabla kahawa haijaanza kuingia kwa wingi. Ijaribiwe kwanza katika mraba mmoja wa pembeni na kuachwa wiki nzima. Ipakwe asubuhi, jua lisipokuwa kali, na inayobaki juu ifutwe kabla haijakauka. Kiwanja kisikanyagwe mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite. Na kwa kuwa kahawa huvuta harufu upesi, magunia yaondolewe karibu, na mahali pa kuanikia mazao pasipakwe dawa hiyo hata kidogo.

Ipo pia desturi ya kupaka oili chafu ya magari ili kuua mwani. Desturi hii ikomeshwe. Oili hiyo ina sumu, huteleza, hutiririka na mvua hadi mferejini, na harufu yake huingia katika kahawa. Gunia moja lililovuta harufu laweza kushusha daraja la kahawa ya wanachama wengi.

Hesabu na madaftari

Ndugu Makatibu, hapa ndipo kazi yangu hasa inapoanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanja vya mawe viandikwe katika daftari la mali za kudumu, pamoja na ukubwa wake, mwaka wa kujengwa na nguvu za wanachama zilizotumika. Pawepo daftari la matengenezo lenye safu nne: tarehe, kazi iliyofanywa, vifaa vilivyotumika, na jina la aliyesimamia. Safu hizo nne humwezesha katibu mpya kujua alichorithi.

Fedha ya matengenezo iingizwe katika makisio ya mwaka na kupitishwa na mkutano mkuu. Isitolewe kwa ghafla baada ya mtu kuumia. Kabla ya kununua dawa, pimeni kiwanja. Tuseme urefu ni mita 12 na upana mita 8. Hiyo ni mita za mraba 96. Kama kopo linasema lita moja hutosha mita za mraba 8, na yatakiwa kupakwa mara mbili, zitahitajika lita 24. Anayeleta ankara ya lita 60 aeleze lita 36 zimekwenda wapi. Pateni bei kutoka kwa wauzaji watatu, pokeeni mali kwa hati, iingizwe stoo, na itolewe kwa vocha. Halmashauri ikumbuke pia kwamba mtu akiumia katika kiwanja cha chama, jambo hilo liandikwe siku ile ile na kujadiliwa katika kikao kinachofuata, hata kama majeruhi ni mnyonge asiyelalamika.

Mwisho

Kwa muhtasari, utaratibu ni huu: elekezeni maji kwanza, safisheni pili, jazeni mianya tatu, na dawa ya kuziba iwe ya mwisho, pale tu jiwe linapoihitaji. Chama kitakachofuata utaratibu huo kitagundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ufagio, brashi ya katani na jasho la wanachama wenyewe, na sehemu ndogo tu ni fedha.

Kabla masika hayajafika, kila katibu aliyeko hapa na akitembelee kiwanja cha chama chake siku ya mvua, asimame chini ya mwavuli, aangalie maji yanakwenda wapi. Aandike alichokiona, akisome mbele ya halmashauri. Mama aliyeuliza swali lile amerudi kuleta kahawa yake kama zamani, na hupita juu ya mawe yale yale aliyoyabeba. Ni wajibu wetu kuona kwamba kila mwanachama anaweza kupita vivyo hivyo.